Siku 30 si mwezi mmoja: jinsi mfumo unavyohesabu muda wa pesa zako

Asubuhi ya Agosti 1, 2025, shangazi yangu alinipigia simu akiwa amewaka. Mwezi uliotangulia, Julai 1, alikuwa amekopa kwa programu moja ya mikopo ya simu ili aongeze bidhaa kwenye kibanda chake cha mboga. Mkopo ulikuwa wa siku 30. Sasa alikuwa amejikaza, akakusanya pesa na kulipa lote asubuhi na mapema. Dakika chache baadaye akapata ujumbe: umelipa kwa kuchelewa, kuna faini.

"Nilichukua tarehe moja, nimelipa tarehe moja," akaniambia. "Mwezi umekatika, nimelipa. Hii faini ni ya nini?"

"Shangazi, mkopo ulikuwa wa siku ngapi?"

"Thelathini. Si ndio mwezi?"

"Julai ina siku thelathini na moja, shangazi."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hivyo nimechelewa siku moja ambayo hata sikujua iko."

Faini yenyewe haikuwa kubwa, lakini ilimuuma kwa sababu alijua ndani ya moyo wake kwamba hakuchelewa. Na ukweli ni kwamba hakuna aliyedanganya hapo. Shangazi alihesabu mwezi. Mfumo ulihesabu siku. Wote wawili walipiga hesabu sawasawa, ila kila mmoja alikuwa akipiga hesabu yake.

Somo letu la leo linahusu jambo hilo. Tutaingia kidogo ndani ya mfumo, mahali ambapo pesa zako zinaandikwa, tuone kompyuta inavyoelewa maneno kama "siku 30", "mwezi mmoja", "saa 24" na "hadi tarehe fulani". Usiogope, hutahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Ukijua kuhesabu kwa vidole, unatosha.

Pesa zako zinaishi kwenye jedwali

Kila unapotuma pesa, kulipa kwa till au kutoa kwa wakala, mfumo unaandika mstari mmoja kwenye jedwali. Mstari huo una safu zake: namba ya muamala, aliyetuma, aliyepokea, kiasi na wakati. Ni kama kile kitabu cha madeni cha duka la mtaani, tofauti ni kwamba hiki kinaandika mamilioni ya mistari bila kuchoka.

Majedwali mengi yanayohusiana ndiyo yanayounda hifadhidata. Wazo la kupanga taarifa hivi lilielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, na hadi leo benki na kampuni za malipo duniani kote zinalitegemea. Programu zinazofanya kazi hiyo zina majina kama Oracle, MySQL na PostgreSQL.

Sasa, kwenye jedwali kuna vitu viwili ambavyo sisi kwa mazungumzo ya kawaida tunavichanganya.

Cha kwanza ni wakati, yaani nukta moja kwenye kalenda na saa. "Julai 1, 2025, saa nne asubuhi" ni wakati.

Cha pili ni muda, yaani urefu kutoka nukta moja hadi nyingine. "Siku 30" ni muda. Muda peke yake hauna tarehe. Ni kama kamba: hujui inaishia wapi mpaka uifunge mwanzo wake mahali fulani.

Ukikopa, mfumo unachukua wakati uliokopa, unajumlisha muda wa mkopo, na unapata wakati wa kulipa. Hesabu ni hiyo tu. Tatizo linaanza tukiuliza: muda huo unapimwa kwa kipimo gani?

Muda una mifuko mitatu

Chukua PostgreSQL kama mfano. Ukiipa muda iuhifadhi, haiuweki kama namba moja. Inaugawa kwenye mifuko mitatu: mfuko wa miezi, mfuko wa siku, na mfuko wa saa pamoja na dakika na sekunde zake. Miaka inaingia kwenye mfuko wa miezi, kwa sababu mwaka ni miezi 12 kila mara. Wiki inaingia kwenye mfuko wa siku, kwa sababu wiki ni siku 7 kila mara.

Kwa nini miezi isigeuzwe siku, yote yakawa kitu kimoja? Kwa sababu mwezi hauna urefu mmoja. Kuna wa siku 28, 29, 30 na 31. Mfumo hauwezi kujua mwezi mmoja ni siku ngapi mpaka uambiwe ni mwezi upi. Kwa hivyo unaweka "mwezi mmoja" kama ulivyo, na unasubiri kupewa tarehe ya kuanzia.

Tuone tofauti hiyo kwa tarehe za 2025. Mkopo umechukuliwa siku iliyotajwa kwanza:

- Januari 31: siku 30 zinaisha Machi 2. Mwezi mmoja unaisha Februari 28.
- Februari 1: siku 30 zinaisha Machi 3. Mwezi mmoja unaisha Machi 1.
- Juni 1: siku 30 zinaisha Julai 1. Mwezi mmoja pia unaisha Julai 1.
- Julai 1: siku 30 zinaisha Julai 31. Mwezi mmoja unaisha Agosti 1.
- Desemba 15: siku 30 zinaisha Januari 14. Mwezi mmoja unaisha Januari 15.

Angalia mstari wa Julai. Hapo ndipo shangazi aliumia. Angalia pia mstari wa Juni. Ukikopa Juni 1, hesabu zote mbili zinalingana, unalipa Julai 1, na unaamini kabisa kwamba siku 30 ni mwezi. Ukirudia Julai, unanaswa.

Kumbuka sheria hii fupi: ukikopa ndani ya mwezi wa siku 31 (Januari, Machi, Mei, Julai, Agosti, Oktoba, Desemba), mkopo wa siku 30 unaisha siku moja kabla ya tarehe uliyokopa. Ni Januari 30 na 31 tu zinazoweza kutoka nje ya sheria hiyo, kwa sababu Februari ni fupi: hizo zinaweza kuangukia mwanzoni mwa Machi.

Hata kompyuta yenyewe inaweza kukuchanganya hapa. Ukiiuliza PostgreSQL kama muda wa mwezi mmoja ni sawa na muda wa siku 30, itajibu ndiyo, kwa sababu ikilinganisha muda na muda bila tarehe inachukulia kila mwezi kuwa siku 30. Lakini ukiiambia ijumlishe kila mmoja kwenye Julai 1, itakupa tarehe mbili tofauti. Ndiyo maana anayeandika programu ya mikopo lazima achague neno moja na alishike: siku au miezi. Na ndiyo maana wewe unayekopa unafaa kujua alichagua lipi.

Siku ya kwanza ni ipi?

Kuna kosa lingine dogo ambalo wengi wetu tunafanya tukihesabu kwa vidole. Ukikopa leo mkopo wa siku 7, kidole cha kwanza unakiweka leo au kesho?

Mfumo ukijumlisha siku 7 kwenye tarehe ya leo, leo ni sifuri. Kesho ndiyo moja. Kesho kutwa ndiyo mbili. Wazee wa pwani wanaendelea: mtondo ni tatu, mtondogoo ni nne. Maneno hayo yenyewe yanahesabu kama kompyuta, kwa sababu yanaanzia kesho. Ukianza kuhesabu leo kama moja, utafika siku ya kulipa siku moja mapema. Hilo halina hasara ukilipa mkopo. Lakini ukiwa unasubiri pesa uliyofungia akiba ya siku 90, utaenda kuidai siku moja kabla ya wakati, utaambiwa bado, na utadhani umeibiwa.

Kuna jambo la saa pia. Baadhi ya mifumo inahifadhi tarehe tu, hivyo una siku nzima ya mwisho mpaka saa sita usiku. Mingine inahifadhi tarehe pamoja na saa. Kwa mifumo hiyo, ukikopa Julai 1 saa nne asubuhi, siku 30 zinaisha Julai 31 saa nne asubuhi, si jioni. Ukipanga kulipa baada ya kufunga kibanda, umechelewa. Kwa hivyo usiulize "tarehe gani?" peke yake. Uliza na "saa ngapi?"

Tarehe 31 inapokosa mwenzake

Wanachama wa chama wanaijua shida hii. Mmekubaliana mchango uwe kila mwezi, na mlianza Januari 31. Je, mwezi wa pili mtachanga lini? Februari haina 31.

Hapa hata programu kubwa hazikubaliani. PostgreSQL na MySQL zikijumlisha mwezi mmoja kwenye Januari 31, 2025, zinarudi nyuma hadi siku ya mwisho iliyopo, yaani Februari 28. Oracle, ukitumia hesabu yake ya kawaida ya muda wa miezi, inakataa kabisa na kukuambia tarehe hiyo haipo. Ina njia nyingine ya kuongeza miezi ambayo inakupeleka mwisho wa mwezi, na njia hiyo ina tabia yake: ukianzia siku ya mwisho ya mwezi, inakuweka siku ya mwisho ya mwezi unaofuata. Kwa hivyo Februari 28, 2025 ukiongeza mwezi mmoja, inakupa Machi 31. PostgreSQL kwa swali hilohilo inakupa Machi 28.

Hakuna iliyokosea. Kila moja ilitengenezwa na kanuni yake, na kanuni hizo zimeandikwa.

Kuna mtego mwingine kwa malipo ya awamu. Tuseme awamu ya kwanza ni Januari 31. Kama mfumo unahesabu kila awamu kutoka ile iliyotangulia, utapata Februari 28, kisha Machi 28, kisha Aprili 28. Tarehe imeteleza na hairudi tena. Kama mfumo unahesabu kila awamu kutoka mwanzo kabisa, utapata Februari 28, kisha Machi 31, kisha Aprili 30. Tofauti ni siku tatu mwezi wa tatu na siku mbili mwezi wa nne. Kwa mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi, siku tatu ni kitu kikubwa.

Njia rahisi ya kuepuka yote haya: ukiwa na nafasi ya kuchagua tarehe ya malipo ya kila mwezi, chagua kati ya tarehe 1 na 28. Kila mwezi una tarehe hizo, kwa hivyo hakuna mfumo utakaolazimika kukisia.

Siku inaanza saa ngapi?

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa moja baada ya mapambazuko, na saa sita mchana jua liko utosini. Kwa mwanadamu wa hapa, siku mpya inaanza kukikucha. Ndiyo maana mtu akikutumia pesa saa saba usiku, wewe unasema "alinitumia jana usiku."

Mfumo hausemi hivyo. Kwa mfumo siku inageuka saa sita usiku kamili, ambayo kwenye ujumbe wa simu inaandikwa 12:00 AM. Pesa iliyotumwa saa sita kasoro dakika mbili usiku ni ya leo. Iliyotumwa dakika nne baadaye, saa sita na dakika mbili, ni ya kesho. Ndiyo maana waandishi wa habari wetu wanapenda kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa". Maneno hayo yanakuambia usiku ni upi bila ubishi.

Hili linagusa mambo mawili unayotumia kila siku.

La kwanza ni kikomo cha miamala. Soma vizuri kama kikomo chako ni "kwa siku" au "ndani ya saa 24". Kikomo cha kwa siku kinaanza upya saa sita usiku. Umefikia kikomo Jumanne saa tano usiku? Ngoja saa moja tu, Jumatano imeingia, unaweza kutuma tena. Kikomo cha ndani ya saa 24 kinaangalia nyuma saa 24 kutoka sasa hivi. Hapo utangoja mpaka Jumatano saa tano usiku. Kama una mgonjwa hospitalini na bili inasubiri, tofauti ya saa moja na saa 24 si jambo la kuchezea.

La pili unalijua tayari kutokana na bando za intaneti. Bando ya saa 24 ukiinunua saa tatu usiku, unakaa nayo hadi saa tatu usiku wa kesho yake. Bando ya leo tu ukiinunua saa tatu usiku, una saa tatu pekee kabla ya saa sita kugonga. Bei inaweza kuwa karibu sawa, lakini muda uliopewa haulingani hata kidogo. Mikopo, ofa na punguzo za malipo zinafuata mantiki hiyohiyo.

Saa ya mfumo na saa yako

Hifadhidata nyingi zinaandika wakati kwa saa ya dunia, ile inayoitwa UTC, halafu zinaubadilisha wakati wa kukuonyesha. Kenya iko mbele ya saa hiyo kwa saa 3. Muamala uliofanya Agosti 1 saa saba na nusu usiku, yaani 1:30 AM, kwa saa ya dunia bado ni Julai 31, 10:30 PM.

Kama aliyeandika ripoti alisahau kubadilisha saa kabla ya kugawa miamala kwa miezi, malipo yako ya Agosti yataingia kwenye ripoti ya Julai. Pesa haijapotea. Imeandikwa kwenye mwezi usio wake. Ukiona muamala wa usiku wa manane umekosekana mahali ulipoutarajia, angalia mwezi wa nyuma kabla ya kupandwa na hasira.

Sisi Wakenya tuna bahati moja: saa zetu hazisogezwi mbele wala nyuma. Tuko kwenye Ikweta, mchana wetu karibu ni uleule mwaka mzima, kwa hivyo siku yetu ni saa 24 daima. Ndugu zetu walio Uingereza hawana bahati hiyo. Oktoba 26, 2025 saa zao zilirudishwa nyuma saa moja, na siku hiyo ikawa na saa 25. Machi 30 ya mwaka huohuo ilikuwa na saa 23.

Sasa fikiria ndugu yako aliye London amepanga pesa ya matumizi itumwe saa sita mchana kwake kila siku. Oktoba 25 ilikufikia saa nane mchana. Oktoba 26 ilikufikia saa tisa alasiri. Yeye hajachelewa, saa yake ndiyo imesogea. Hapa mifuko mitatu ya PostgreSQL inaonyesha faida yake. Ukijumlisha siku 1 kwenye saa sita mchana ya Oktoba 25 ya London, unapata saa sita mchana ya kesho yake. Ukijumlisha saa 24, unapata saa tano asubuhi. Kwa hivyo hata siku moja na saa 24 si kitu kimoja kila mahali.

Taarifa inayosahau siku ya mwisho

Sehemu hii ni ya waweka hazina wote wa vyama, makanisa na kamati za harusi.

Umeomba taarifa ya miamala kutoka Juni 1 hadi Juni 30. Wewe unamaanisha Juni yote. Lakini mfumo ukipewa "Juni 30" bila saa, na wakati wa miamala umehifadhiwa pamoja na saa, unaweza kuielewa kama Juni 30 saa sita usiku, yaani dakika ya kwanza kabisa ya siku hiyo. Muamala wowote wa baada ya hapo unaachwa nje. Mwanachama aliyelipa Juni 30 saa nne asubuhi anaonekana hakulipa. Unamsomea jina lake mbele ya watu kwenye mkutano, yeye anatoa simu na kuonyesha ujumbe wa uthibitisho, na sasa ni wewe unayetazamwa vibaya.

Kosa hili ni la kawaida sana kwa wanaoandika ripoti, na dawa yake inajulikana. Mwanzo unahesabiwa ndani, mwisho unaachwa nje. Badala ya kusema "kutoka Juni 1 hadi Juni 30", mfumo unaambiwa "kuanzia Juni 1, mpaka kabla ya Julai 1". Hapo Juni inaingia yote, hadi sekunde ya mwisho. Na ukiomba Julai, inaanzia palepale Juni ilipoishia. Hakuna muamala unaohesabiwa mara mbili, hakuna unaoanguka katikati.

PostgreSQL ilipata aina maalum ya kuhifadhi vipindi kama hivi, vyenye mwanzo na mwisho wake, katika toleo la 9.2 mwaka 2012. Unaweza hata kuiwekea sharti kwamba vipindi viwili visigongane. Kwa mfano, jedwali la kukodisha hema za harusi linaweza kukataa kuandika wateja wawili kwa hema moja siku moja. Lakini aliyekodi mpaka Jumamosi saa sita mchana na anayeanza Jumamosi saa sita mchana hawagongani, kwa sababu mwisho wa mmoja uko nje na mwanzo wa mwingine uko ndani.

Kwako wewe mteja, njia rahisi ni hii: ukipata taarifa, tazama kwanza kama siku ya mwisho ina miamala unayoikumbuka. Kama haina, omba tena ukiongeza siku moja mbele.

Siku moja ni pesa ngapi?

Huenda unajiuliza kama haya yote yanastahili kukuumiza kichwa. Tupige hesabu. Mkopo wa mtu binafsi wa Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 30, 2022, ulitangazwa kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na muda wa siku 14. Ukikopa KSh 5,000, riba ya siku 14 kwa mwaka wa siku 365 ni karibu KSh 15.34. Ukiongeza siku moja, inafika karibu KSh 16.44. Kwa riba peke yake, siku moja ni kama shilingi moja na senti kidogo.

Lakini kuchelewa hakupimwi kwa riba peke yake. Kuna mikopo yenye faini ya papo hapo mara tu siku inapopita. Kuna kupunguziwa kiwango unachoweza kukopa. Kuna sifa yako ya kulipa. Mtu anayelipa kila mara kwa wakati anajijengea jina, na ni aibu kulipoteza kwa sababu ya siku ya 31 ambayo hukuihesabu.

Sheria pia iko upande wako. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawataka wakueleze masharti ya mkopo kabla hujakubali. Kwa hivyo kuuliza si usumbufu. Ni haki yako.

Maswali manne kabla ya kubonyeza Kubali

1. Muda umetajwa kwa siku, kwa miezi au kwa saa? Usibadilishe kichwani mwako. Kama wamesema siku 30, hesabu siku 30.
2. Unaanza kuhesabiwa lini? Siku ulipoomba, au siku pesa ilipoingia?
3. Unaisha tarehe gani na saa ngapi? Ukishaambiwa, iandike kwenye kalenda ya simu na ujiwekee ukumbusho siku moja kabla.
4. Siku ya mwisho iko ndani au nje? Nikilipa siku hiyo jioni, nimelipa kwa wakati?

Na kila mara, hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Una namba ya muamala, tarehe na saa. Ukiwa na malalamiko, vitu hivyo vitatu ndivyo mhudumu atakavyotumia kuutafuta mstari wako kwenye jedwali. PIN yako haihitajiki kwa kazi hiyo, kwa hivyo usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.

Jipime

a) Umekopa Februari 20, 2025, mkopo wa siku 14. Siku ya kulipa ni ipi?

b) Umenunua bando ya saa 24 Jumatatu saa tatu usiku, na rafiki yako akanunua ya leo tu saa hiyohiyo. Kila mmoja ana mpaka lini?

c) Unataka taarifa ya Februari 2025 yote, bila kuacha muamala hata mmoja. Utaombaje?

Majibu: (a) Machi 6, kwa sababu zilibaki siku 8 kufika Februari 28, na 6 za Machi. (b) Wewe mpaka Jumanne saa tatu usiku, rafiki yako mpaka Jumatatu hiyohiyo saa sita usiku. (c) Kuanzia Februari 1 mpaka kabla ya Machi 1.

Shangazi yangu bado anakopa, na kibanda kinaendelea vizuri. Siku hizi akipata ujumbe wa mkopo hasemi "wa mwezi". Anachukua kalenda ya ukutani, ile ya kupewa dukani Desemba, anaweka kidole kwenye siku ya kesho, na anahesabu mpaka afike. Siku ya kulipa anaizungushia kalamu nyekundu, kisha analipa siku moja kabla yake.